Mkono Ulioitwa

Mama Pasi alikuwa mwepesi wa ulimi na mgumu wa kiganja. Ulimi ulimletea wateja, kiganja kikawafanya warudi. Alifua na kupiga pasi nguo za watu uani kwake, chini ya paa la bati lililochakaa, kwa pasi ya mkaa yenye kijogoo cha shaba mbele. Mtu akimwuliza kwa nini hanunui ya umeme, alimjibu kwamba umeme hukatika, lakini mkaa haujawahi kumwambia asubiri. Shati likipita mkononi mwake, hata mlevi alionekana karani. Hayo aliyasema yeye mwenyewe, na hakuna aliyembishia.

Upande wa pili wa ukuta aliishi mshonaji. Huyu watu walimwita Mama Mkasi, kwa sababu mkasi wake ulining'inia shingoni kwa utepe mweusi kila alikokwenda, arusini na msibani. Alikuwa mpole, mwingi wa kusikiliza, mchache wa kusema, na ndiyo maana aliwezana na Mama Pasi, maana wangekuwa wote wa aina moja mtaa usingelala. Wahenga walisema jirani ni ndugu. Hawa walikuwa zaidi, kwa sababu ndugu hugombania urithi na hawa hawakuwa na cha kurithiana. Waliitana shoga. Mmoja akiugua, mwenzake alimpikia uji na kukaa pembeni mpaka bakuli liishe. Waume zao walipofariki, mmoja akitangulia na mwingine akifuata, walifutana machozi kwa zamu.

Hata kazi yao ilikuwa moja, ila imekatwa katikati. Nguo ikitoka kwenye cherehani ilikuwa lazima ipigwe pasi kabla mwenyewe hajaja kuichukua, kwa hiyo kutwa nzima nguo zilisafiri kutoka nyumba hii kwenda ile. Zamani walikuwa wakizunguka kwa barabarani, nguo zimebebwa juu juu zisishike vumbi. Siku moja mume wa Mama Pasi, aliyejenga ukuta ule kwa mikono yake, tena ndani ya kiwanja chake, alichoka kusikia mlango wa mbele ukifunguliwa na kufungwa. Alichukua nyundo na patasi akatoa tofali moja, usawa wa kiuno. "Haya," aliwaambia, "pitishianeni hapa, mniache nilale." Walimcheka sana siku ile, lakini tangu hapo hakuna aliyezunguka tena.

Tundu lile lilikuwa na utaratibu wake, na ni vizuri ueleweke. Mama Mkasi alikuwa akigonga tofali kwa mkasi. Mama Pasi aliitika, "Naam, shoga," akaiweka pasi juu ya kigae, akaenda kupokea. Nguo ikiwa tayari, aliichukua mwenyewe na kuipitisha, mkono kwa mkono. Vidole vya Mama Mkasi vilifika tunduni, basi, havikupita. Hakuna aliyemwekea sheria hiyo. Ilikuwa adabu tu, kama vile mtu asivyofunua sufuria jikoni kwa mwenzake hata kama amealikwa kula.

Halafu wakaja wezi wa kamba, wale wanaoanua nguo za watu. Walianza na shuka moja, wakarudi kuchukua mashuka yote, na mwisho wakaondoka na suti ya mteja ambaye kesho yake alikuwa anasimamia arusi. Mama Pasi alimwomba msamaha yule bwana kwa magoti. Mwanawe, dereva wa lori, alipopata habari alirudi kutoka safarini na mtoto wa mbwa ndani ya kofia yake. Mbwa huyo alikuwa na uso mkavu na tabia ya kumkagua kila anayeingia kuanzia viatu, kwa hiyo wakamwita Afande.

Samaki mkunje angali mbichi, na Afande alikunjwa mapema. Mwana alijifunga gunia mkononi, akawa anachomoa shati kambani. Mbwa akiushika mkono, anapewa mfupa. Kisha Mama Pasi alilichukua shati lilelile yeye mwenyewe, akampa mwanawe mkononi, akasema, "Tulia," na mbwa akitulia, anapewa mfupa tena. Mchezo huo waliurudia hata majirani wakawaona wendawazimu. Afande alitoka na somo moja maishani, na alilishika kuliko wengi wetu tunavyoshika sala zetu: nguo inayotoka mkononi mwa mama ni halali, na nguo inayochukuliwa na mkono mwingine ni wizi. Wezi wa kamba walikoma. Afande alifungwa mnyororo kivulini karibu na ukuta, akawa anatazama nguo zikipita tunduni mkono kwa mkono, na hakuwahi hata kuinua sikio. Mama Mkasi alimpenda. Alikuwa akimrushia maganda ya mkate kupitia hapohapo.

Siku ya tukio, mbele ya Mama Pasi kulikuwa na gauni la hariri. Mwenye gauni alikuwa amekwenda dukani na angerudi wakati wowote, naye alikuwa mmoja wa wale wateja wanaosimama nyuma yako wakipumua. Hariri haitaki mchezo na pasi ya mkaa: ukikaa sana inaungua, ukiinua inajikunja. Mama Pasi alikuwa ameinama, ulimi kauuma, aliposikia mkasi ukigonga.

"Naam, shoga!"

"Ile suruali ya mwalimu. Mwenyewe yuko mlangoni kwangu, anasema kengele itamgongea njiani."

Suruali ilikuwa tayari. Ilikuwa imekunjwa vizuri juu ya stuli, chini kidogo ya tundu, karibu kabisa na mkono wa anayeitaka. Mama Pasi hakugeuza hata kichwa.

"Ichukue tu, shoga! Iko hapo kwenye stuli!"

Neno hilo hakuwahi kulisema kabla ya siku hiyo. Kisha mkono ukaingia, kiganja, kifundo, mpaka kiwiko, ukashuka kuitafuta stuli, vidole vikaishika suruali na kuivuta.

Mnyororo ulilia mara moja.

Mama Pasi alipofika, Afande alikuwa ameushika mkono na suruali kwa pamoja. Hakuwa akinguruma. Alikuwa amesimama imara, anamtazama mama yake kwa pembe ya jicho, mkia unatikisika, anasubiri mfupa wake. Mama Pasi alipiga kelele kila neno alilolijua, "Acha! Wewe! Shetani! Acha!" na kila alivyozidi kupiga kelele ndivyo mbwa alivyozidi kubana, kwa sababu neno pekee alilofundishwa lilikuwa jingine. Lilipomjia Mama Pasi hatimaye, alilisema kwa sauti ndogo, huku analia. "Tulia." Afande akafungua mdomo. Mkono ukarudi ulikotoka ukiburuta damu juu ya tofali, na nyuma yake, juu ya meza, hariri ilikuwa inatoa moshi.

Hospitalini walishona walipoweza kushona. Afande alikuwa amechanjwa, na bwana mifugo alimweka chini ya uangalizi akamkuta hana ugonjwa wowote, kwa hiyo hofu ya kichaa cha mbwa iliisha. Lakini kano za vidole zilikuwa zimekatika, na daktari alisema wazi kwamba kidole gumba na cha shahada vya mkono wa kulia havitakutana tena kama zamani. Labda kwa kupasuliwa, katika hospitali kubwa, na kwa mazoezi marefu baada ya hapo. Mshonaji ambaye vidole hivyo viwili havikutani hashiki sindano, wala mkasi hashiki.

Mama Pasi alishinda kando ya kitanda. Alimwosha mwenzake, akamchana nywele, akamlisha uji kwa kijiko. Kila alipofungua mdomo kuomba radhi, Mama Mkasi alimzuia.

"Shoga, si kosa lako. Wala si la mbwa. Ametimiza alilofunzwa."

"Mimi ndiye niliyekuita. Mdomo wangu huu!"

"Basi uutumie kupuliza uji, unachoma."

Walicheka, hata katika hali ile. Walikuwa wawili tu chumbani, pamoja na mgonjwa mmoja aliyelala fofofo. Mama Pasi alirudi nyumbani jioni hiyo moyo umetulia kidogo, akiamini kwamba litakalokuja watalibeba pamoja.

Binti wa Mama Mkasi alifika siku ya pili yake. Alikuwa mwanamke aliyeolewa mji mwingine, mkunga, mwenye sauti ya kuamrisha watu wanaosukuma. Alimpenda mama yake sana, na mapenzi yake yalikuja na hasira. "Pole" za majirani alizipokea, ila baada ya kila pole aliuliza, "Na nani atamtibu? Nani atamlisha, hiyo pole?" Kisha akaenda ofisi ya baraza la mtaa kushitaki. Alitaka mwenye mbwa abebe matibabu ya mama yake mpaka vidole vikunjike, na riziki yake mpaka siku hiyo. Mtu akisema alikosea, mimi sitamsikiliza. Mama ni mama.

Mwana wa Mama Pasi alirudi kutoka safarini akaikuta barua ya baraza juu ya meza ya pasi. Aliisoma kwa kusimama, akaisoma tena kwa kukaa.

"Mama, ulimwita?"

"Nilimwita. Nilimwambia achukue."

"Nani alisikia?"

"Yeye. Na mimi."

Dereva aliinamisha kichwa. Alikuwa kijana mwenye adabu, asiyekunywa, na lori lile alilokuwa akiliendesha alilinunua kwa kuweka nyumba hii ya baba yake rehani. Mama yake ndiye aliyetia dole gumba. Bado alikuwa analipa, na safari zilikuwa za kubahatisha. Akitwishwa mzigo mwingine, lori linakwenda, na lori likienda, nyumba inalifuata.

"Nisikilize, mama. Sikwambii udanganye. Ukuta ni wetu. Tundu alilitoboa baba. Mkono ulikuwa kwetu, haukuwa kwao. Na desturi yenu ni kupokezana, haijatokea hata siku moja akajichukulia. Kuna uongo hapo?"

"Hakuna."

"Basi sema hayo tu. Sentensi moja iache."

"Na wakiniuliza?"

Kijana alizungusha funguo za lori kidoleni.

"Wakikuuliza, mama, kumbuka mimi ni mwanao."

Mama Pasi hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linalouma. Mtu mbaya angelala vizuri. Yeye alipita siku zile akipiga pasi juu ya nguo ambazo zilishapigwa, akibishana na nafsi yake kwa sauti. Alijiambia damu ni nzito kuliko maji. Alijiambia shoga yake ana binti mwenye kazi na mume, hatalala njaa. Alijiambia kwamba labda hataulizwa. Kisha angeenda upande wa pili na uji, akazungukia barabarani kwa sababu hakuweza tena kulitazama tundu, na angemkuta Mama Mkasi amekaa mbele ya cherehani lisilozunguka, mkono umefungwa bandeji, akifundisha mkono wa kushoto kufungua kifungo. Alikuwa akimtania, "Tazama, nimekuwa mtoto," naye Mama Pasi alicheka kwa kuchelewa. Kuhusu baraza hawakuzungumza. Kila mmoja aliona aibu kwa niaba ya mwanawe.

Baraza lilikutana katika chumba kimoja chenye mabenchi na dirisha lisilofunga. Mwenyekiti alikuwa muuza vifaa vya ujenzi, mtu wa haraka, na kwa sababu kesi ilihusu ukuta aliona imemfaa. Alikuwa ameshakwenda uani mwenyewe na futi kamba, akapima kutoka jiwe la mpaka hadi ukutani, akaingiza mkono wake tunduni mbele ya mashahidi, huku amehakikisha mara nyingi kwamba mbwa yuko mbali.

"Ukuta uko ndani ya kiwanja cha mwenye mbwa," alisema. "Stuli ilikuwa ndani. Mkono ulipoumwa ulikuwa ndani. Hilo halina ubishi. Sasa sikilizeni. Mbwa akitoka kwenu akamuuma mtu njiani, mnabeba ninyi. Mbwa akimuuma mgeni mliyemkaribisha, mnabeba ninyi vilevile. Lakini mtu akiingia kwa watu bila kukaribishwa, au akiingiza mkono wake, hapo baraza haliwezi kumtwisha mwenye mbwa. Kwa hiyo swali ni moja tu. Mkono huu uliitwa, au haukuitwa?"

"Uliitwa!" binti alisimama. "Mama amenieleza. Aliambiwa achukue."

"Wewe ulikuwepo?"

"Sikuwepo, lakini mama yangu hasemi uongo."

"Kaa, mwanangu. Nitamwuliza mwenyewe. Kwanza mwenye mbwa."

Mama Pasi alisimama. Alieleza kuhusu tundu, na kuhusu mkasi unaogonga, na kuhusu kupokezana mkono kwa mkono. Alieleza kwamba miaka yote kabla ya siku ile shoga yake hakuwahi kuingiza mkono akajichukulia. Sauti yake ilikuwa imara kwa sababu kila neno lilikuwa kweli. Mwanawe alikuwa benchi la nyuma, kofia mkononi.

"Na siku ile," mwenyekiti aliuliza, "ulimwambia achukue?"

Alimtazama Mama Mkasi. Alikuwa amekaa wima, amevaa gauni lake la kutokea, na shingoni hakukuwa na mkasi. Hakuwa akimkazia macho. Alikuwa anamtazama kwa upole uleule wa kila siku, kama anavyomsubiri amalize hadithi ndefu, na alikuwa amekwisha kuitikia kwa kichwa kidogo, kumpa moyo. Alikuwa na hakika ya jibu. Mama Pasi aliliona hilo vizuri sana.

"Hapana," alisema. "Sikumwambia."

Ulimi hauna mfupa, na ule ulikuwa umezoea kazi. Neno lilitoka jepesi. Binti alipiga yowe la hasira, watu wakaguna, mwenyekiti akagonga meza kwa futi kamba yake. Chumba kilipotulia alimgeukia Mama Mkasi.

"Umesikia, mama. Wewe unasemaje? Uliitwa?"

Mama Mkasi aliutazama mkono wake uliofungwa, kisha akamtazama mwenzake, na ule upole ulikuwa bado upo usoni, ila ulikuwa unaondoka taratibu. Ungeweza kuuona ukiondoka. Alipofungua mdomo hakuonekana mwenye hasira.

"Yeye akisema hakuniita," alisema, "basi hakuniita."

"Mama!" binti alimshika bega. "Mama, sema!"

"Nimesema."

Baraza liliamua kwamba kila mmoja abebe mzigo wake. Tundu lizibwe, mnyororo ufupishwe, na majirani waendelee kuishi kwa amani. Mwenyekiti aliwapa pole na hongera katika pumzi moja, akafunga ofisi, akakimbilia dukani kwake.

Nje, mwana alimkumbatia mama yake mpaka miguu ikaacha ardhi. "Umetuokoa," alimwambia sikioni. Mama Pasi alinusa jasho lake, alikumbuka alivyokuwa mdogo, na hakujuta. Huo ndio ukweli: kwa muda wa kuvuka barabara moja, hakujuta. Kisha alimwona Mama Mkasi akitembea mbele yao na binti yake. Vumbi lilikuwa jingi na alikuwa anajaribu kushikilia gauni lake la kutokea lisiburute, kwa mkono usiofaa, na gauni lilikuwa linamponyoka. Mama Pasi alianza kukimbia ili amshikie. Baada ya hatua kadhaa alisimama.

Mwana aliziba tundu mwenyewe. Alichanganya saruji uani, akapachika tofali, akalisawazisha kwa mwiko, na kabla ya kurudi safarini alilipaka chokaa ili lifanane na mengine. Aliifanya kazi hiyo vizuri, kama baba yake. Afande alinusa saruji mbichi, akarudi kulala.

Mtaani watu walikuwa wakimpongeza Mama Pasi. "Umeshinda, mama! Haki haipotei!" Wengine walikuwa wateja wake wa siku nyingi, hawakuwa na nia mbaya, na kila hongera ilimwingia kama mwiba. Aliacha kutania. Mteja akimwuliza mbona kimya siku hizi, alisema mkaa wa siku hizi una moshi. Upande wa pili cherehani halikusikika. Siku moja fundi bati wa nyumba ya tatu alikuwa anagonga msumari, na Mama Pasi aliiweka pasi juu ya kigae, akasema kwa sauti, "Naam, shoga," akageuka. Alikuta ukuta. Afande aliinua kichwa kumtazama.

Alikaa chini palepale akalia, na alipomaliza kulia alinawa uso, akabadili kanga, akatoka kwa mlango wa mbele. Alikuwa amesikia kwa muuza maji kwamba binti amekuja na gari la kumchukua mama yake, akaishi naye huko kwake, maana nyumba haiendeshwi kwa mkono mmoja. Moyo ulimwambia asipokwenda leo hatakwenda tena.

Mlangoni alipiga hodi. Ilikuwa ajabu kusikia sauti yake ikipiga hodi pale.

"Karibu," Mama Mkasi aliitikia. "Karibu ndani, mama."

Alimpeleka sebuleni, si uani. Alimpangusia kiti kwa kitambaa, akitumia mkono wa kushoto, kiti kilekile cha wateja wanaokuja kupimwa. Alimwuliza habari za nyumbani, habari za kazi, mwanao hajambo, safari zinakwendaje. Alimwuliza hata kama angependa maji ya kunywa. Hakuacha kitu hata kimoja katika heshima anayopewa mgeni, na Mama Pasi alijibu kila swali akiwa amekaa ukingoni mwa kiti. Cherehani halikuwepo tena mahali pake. Sakafuni palibaki alama za miguu yake.

"Shoga," alisema mwishoni, na sauti ikakatika. "Nilikuita. Nilikuita kwa mdomo wangu. Niliogopa nyumba, niliogopa mwanangu atapotea. Nisamehe. Twende kwa mwenyekiti sasa hivi, nitasimama mbele ya watu wote, nitasema. Nyumba na iende!"

Alikuwa amekwisha kusimama. Mama Mkasi alibaki amekaa.

"Kaa, mama. Nyumba isiende. Vidole vyangu havitakunjika kwa nyumba yako."

"Lakini ujue kwamba nilikuita!"

"Kwani mimi sijui?" alisema taratibu, karibu kwa kumhurumia. "Nilikusikia uliponiita, ndiyo maana nikaingiza mkono. Nisingeuingiza kwa mtu mwingine yeyote. Na barazani nilikusikia uliposema hukuniita. Nilisikiliza sana. Nilidhani sauti itabadilika kidogo, itatetemeka, nipate cha kushika. Haikubadilika. Ilikuwa ileile uliyoniitia."

Mama Pasi alirudi kukaa ukingoni mwa kiti.

"Mimi hasira sina," Mama Mkasi aliendelea. "Ningekuwa nayo ingekuwa rahisi, siku moja ingeisha. Ila sasa nikikumbuka yote uliyowahi kuniambia, miaka yote, hata yale ya wakati wa msiba wa mume wangu, sijui lipi ni lipi. Sauti ni moja."

Nje gari liliunguruma, na binti aliita kutoka barabarani kwamba wameshapakia. Mama Mkasi aliinuka. Juu ya meza kulikuwa na furushi lake la mwisho, nguo chache ndani ya shuka, na alianza kulifunga. Ncha moja aliibana kwa kiwiko, nyingine aliivuta kwa mkono wa kushoto, na vidole viwili vya kulia vilikuwa vimenyooka tu bila kusaidia. Fundo lilifunguka. Akajaribu tena, likafunguka tena.

Mama Pasi alinyoosha mikono yake miwili kulishika.

"Acha, mama," Mama Mkasi alimwambia kwa adabu, akilisogeza furushi upande wake. "Mwanangu anakuja. Atafunga yeye."